Faili Namba Sita

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti na masikio. Kiti kilikuwa cha plastiki, mguu mmoja umefungwa kwa waya. Masikio ni vile visikilizio vikubwa vya kuvaa kichwani, ndivyo tulivyoviita. Studio ilikuwa ghorofa ya tatu, River Road, juu ya duka la mabegi. Nilikuwa nimetoka Mutuini na cheti cha kidato cha nne ambacho hakikunifaa sana, na ndoto moja: siku moja kile kibanda cha ng'ombe cha nyumbani kingekuwa sinema, na sauti ingezunguka mpaka mtu ageuke kutazama nyuma. Nilimwambia ndoto hiyo kila aliyekaa karibu nami. Hata Fundi Mkuu nilimwambia, kabla hajamaliza kuniuliza jina.

Fundi Mkuu alikuwa mwanamke, mtu wa Kakamega, mpole, na sisi tulimwita Madam. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa. Lakini kabla ujenge hiyo sinema, jifunze kuhesabu mpaka sita."

Ninyi mliozoea kusikiliza muziki kwa simu, hebu niwaeleze hiyo sita. DVD ya kawaida ilibeba sauti mbili, kushoto na kulia. DVD iliyotengenezwa kwa uangalifu ilibeba sita, na kila moja ilikuwa na spika yake: mbele kushoto, mbele kulia, katikati, nyuma kushoto, nyuma kulia, halafu ile ya chini, ya mngurumo, inayotetemesha meza. Kila moja tuliita chaneli. Zote sita zilikuwa zimekazwa pamoja ndani ya diski, na kazi yetu wakati mwingine ilikuwa kuzitenganisha tena. Unanakili diski kwenye kompyuta, unachomoa sauti na kuiacha picha, halafu unaipitisha kwenye programu ya kuifungua, na unapata faili sita, kila chaneli peke yake. Tuliita kufumua, kama mtu anavyofumua sweta apate uzi.

Shida ni kwamba programu haikukuandikia "katikati" wala "nyuma". Ilikupa namba tu, moja mpaka sita. Kwa hiyo Madam alikuwa na desturi yake. Kila tuliporekodi kwaya au harusi, mwanzoni kabisa alitamka jina la kila chaneli ndani ya chaneli hiyo hiyo. "Mbele kushoto." "Mbele kulia." "Katikati." Ile ya chini haiwezi kubeba maneno, kwa hiyo neno lake lilitoka kama mtu anayesukuma kabati chumba cha pili. Tuliita kusoma rejista. Ukifumua diski hata baada ya miaka mitano, kila faili inajitaja yenyewe.

Madam alikaa nasi miaka miwili, kisha akachukuliwa na studio moja ya Kileleshwa. Akabaki Mkurugenzi, mwenye studio.

Nimejaribu kumwandika Mkurugenzi bila hasira, nikashindwa, basi niacheni nimwandike hivyo hivyo. Alikuwa na suti tatu, na sikio lake lilijua sauti moja tu, kubwa. Wiki ile ile Madam alipoondoka, yeye aliikata rejista. Alisema wateja wanasikia mtu anataja kushoto na kulia wanafikiri diski ni mbovu. Kisha akatupa agizo la pili: kila kazi ikiisha, futa kila kitu kwenye kompyuta, kwa sababu harusi ni nyingi na nafasi ni ndogo. Nilifuta. Naandika hivyo ili msifikiri mimi nilikuwa malaika.

Jumatatu moja akaja msichana anaitwa Njeri, muuzaji wa duka la vitambaa pale Dagoretti Corner. Alikuwa na DVD ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya kitambaa. Ilikuwa kazi yetu wenyewe, kwaya ya kanisa lao, tuliyoirekodi baada tu ya Madam kuondoka. Baba yake, Mzee Kamau, ndiye aliyekuwa anaongoza wimbo, na kipaza sauti chake kiliwekwa katikati. Yeye anaita, kwaya inaitika. Mzee alikuwa amefariki kabla ya Krismasi. Njeri alikuwa anaolewa Jumamosi.

Alichotaka ni hiki: sauti ya baba peke yake, bila kwaya, ipigwe kanisani wakati anaingia, na yeye Njeri aitike kwa kinywa chake. Nakala walizouziwa waumini zilikuwa za chaneli mbili, sauti zote zimepikwa pamoja, na ugali ukishaiva hutoi maji. Ila hiyo moja aliyoshika, ambayo Mzee alitengenezewa maalum, ilikuwa ya chaneli sita. Rekodi yetu ya mwanzo ilikuwa imefutwa. Kwa hiyo duniani kote sauti ya Mzee Kamau ikiwa peke yake ilikuwa pale tu, ndani ya kitambaa.

"Kaka, itawezekana?" aliniuliza.

Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo sana. Nilifurahi hata nikamwambia habari za sinema yangu.

Mkurugenzi alikuwa ametuletea programu mpya ya kufumua, nakala ya kuchomwa tu, isiyo na kitabu cha maelezo. Nikaitumia. Faili sita zikatoka. Kwa miaka yote, kwa programu ya zamani, katikati ilikuwa namba tatu, na ya chini ilikuwa namba nne. Nikafungua namba tatu, nikavaa masikio, nikasikia mtu anakohoa kidogo kabla ya wimbo kuanza. Nikasema moyoni, ndiye huyu. Sikungoja wimbo uanze. Nikachoma namba tatu kwenye CD.

Wakati huo Mkurugenzi akaja nyuma yangu akitafuta kitu cha kutetemesha. Pale chini mlangoni, kando ya duka la mabegi, alikuwa ameweka spika kubwa ya kuvutia wapita njia. Akasikiliza faili moja moja bila subira, akafika namba sita, na meza ikatikisika mpaka chai ikamwagika.

"Hii ndiyo," alisema. "Hii niwekee mlangoni."

Nikamwekea. Ya chini ilitakiwa kuwa namba nne, na yeye alichukua namba sita mbele ya macho yangu, chai ikinimwagikia gotini, na mimi sikushtuka. Programu mpya ilikuwa inapanga kwa mpango wake, ya katikati ikiwa namba mbili. Namba tatu ilikuwa ya mbele kulia, upande wa akina mama wa kwaya. Aliyekohoa sijui alikuwa nani.

Nikafuta faili nyingine zote, kama nilivyoagizwa, ikabaki ile ya mlangoni tu. Naye Mkurugenzi akaichukua DVD ya Njeri akaipitisha kwenye mashine yake ya kusugua mikwaruzo, eti mteja arudishiwe ikiwa inang'aa. Ilirudi inang'aa kweli.

Alhamisi mchana nikaitwa chini. Njeri alikuwa mlangoni na ile CD. Hakupiga kelele. Alisema kwamba walikuwa kwenye mazoezi kanisani, mama yake amekaa mbele, akabonyeza, na wakatoka akina mama wanaimba sauti ya pili. Baba hayumo kabisa.

Nikamwomba DVD, nikapanda ngazi mbio. Kompyuta haikuisoma. Nikajaribu ya pili, nikajaribu hata mashine ya kuchezea sinema. Haikusomeka popote, ile mashine ya kusugua ilikuwa imeiunguza. Niliporudi chini nikamkuta Mkurugenzi amefika, anamweleza Njeri kwamba diski aliileta ikiwa mbaya, na kwamba watu wa makanisa hawajui kutunza vitu.

"Nilikuwa nimeifunga na kitambaa," Njeri alisema.

"Kitambaa ndiyo inakwaruza, mrembo."

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo. Lakini kazi nilikuwa naihitaji, na mdomo nikaufunga. Katika hasira zote za maisha yangu, hiyo ndiyo kubwa, na si kwa Mkurugenzi, ni kwangu mwenyewe.

Njeri akageuka aende. Ile spika ya mlangoni ilikuwa inanguruma kama ilivyonguruma tangu Jumatatu, vioo vya duka la mabegi vikilia. Akasimama. Akarudi hatua moja, akaweka kiganja juu ya kisanduku cha spika, na akakaa hivyo, watu wakimpita na mizigo yao.

"Huyu ni baba," alisema.

Mkurugenzi akacheka. "Hiyo ni bass tu, mrembo, mngurumo wa kuita wateja."

"Ni baba. Hapo anashika chini, anangoja sisi tuitike." Akaanza kuimba pole pole, pale pale River Road, na kila alipofika mwisho wa mstari ule mngurumo ulimpokea. Siku ya kurekodi, Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyeagiza sauti ya Mzee imwagwe pia kwenye chaneli ya chini, kwa kuwa Mzee alikuwa na sauti nzito na yeye alitaka kitu cha kutetemesha.

Hapo ndipo nilipoongea. Nilimwambia Njeri, mbele ya Mkurugenzi, kwamba diski tumeiharibu sisi na namba nilikosea mimi. Mkurugenzi akaniambia, "Panda juu ama uende nyumbani." Nilipanda juu. Nikachoma faili namba sita kwenye CD mbili, nikachukua koti langu, nikampa Njeri CD moja pale mlangoni, nikaenda nyumbani.

Mkurugenzi alikataa kutuazima spika yake. Nilimpigia Madam, akaja Jumamosi kutoka Kileleshwa na spika ya chini ya ofisini kwake kwenye kiti cha nyuma, imefungwa mkanda wa gari. Njeri aliingia kanisani bila baba, na bila maneno ya baba pia, kwa kuwa maneno tulikuwa tumeyapoteza. Alipata mngurumo tu. Aliuimbia wimbo mzima. Mama yake hakuangalia mlangoni. Aliinama akaweka viganja viwili juu ya benchi, maana mbao zilikuwa zinatetemeka, akaviacha hapo mpaka mwisho.

Nilifanya kazi kwa Madam Kileleshwa miaka iliyobaki, mpaka watu wakaacha kununua diski na kazi yenyewe ikastaafu kabla yangu. Wananiita mzee wa fani na bado sina mvi za kutosha. Niliwahi kukutana na Mkurugenzi Dagoretti Corner, akanishika bega kwa furaha.

"Ile bass yetu, bado unayo?"

Nikamwambia haikuwa yetu. Mkono wake niliuondoa begani mwenyewe. Sijatubu.

Ng'ombe tuliwauza, na kibanda sasa kina spika sita, viti kumi na moja na kapeti la kuokoteza. Kabla ya kuwasha chochote nasimama mbele ya kila spika na kipaza sauti chake, nasoma rejista kama nilivyofundishwa. Mbele kushoto. Mbele kulia. Katikati. Nyuma kushoto. Nyuma kulia. Nikifika kwenye ile ya chini natamka, Mzee Kamau, nangoja mabati yatetemeke, ndipo naanza.