Sinyolewi kwa Ajili ya Mgomba

Prudencia, mwanika dagaa wa Igogo kando ya ziwa, hakuzaliwa kiziwi. Masikio yalimtoka usaha tangu utotoni hadi yakachoka, yakawa kama milango iliyovimba kwa mvua: sauti inagonga, haiingii. Lakini ilikuwapo sauti moja iliyoingia bila kugonga. Ilimwita kutoka upande wa ziwa, "Prude! Prude we!" Na duniani hakuna aliyemwita Prude isipokuwa mumewe, Jovinary.

Huyo Jovinary alikwenda kuvua, mtumbwi ukarudi peke yake, taa zinawaka na ugali bado una mvuke. Ndugu zake walingoja ziwa liwape maiti, likawanyima. Basi wakazika mgomba mahali pake, kama walivyofanya wazee wao kule Kagera, na wifi Teodora akaja na wembe amnyoe mjane.

"Sinyolewi kwa ajili ya mgomba," Prudencia akasema. "Ukizaa ndizi, niiteni tule."

Teodora akanuna. Na Teodora akinuna, maziwa ya jirani yanaganda.

Sasa, ukiitwa na usiyemwona, huitiki. Huenda ni mfu, na ukiitika umekubali safari ya kumfuata. Lakini je, kama Jovinary yu hai, katupwa kisiwani, anaita na mkewe kajifanya bubu? Prudencia alitaka kujua jambo moja tu: sauti iko ziwani au kichwani mwake?

Akaenda hospitali. Daktari Florian alimfunga mkanda wenye kidude kilichogusa mfupa nyuma ya sikio, na papo hapo Prudencia akamsikia nesi akitafuna karanga chumba cha pili. Sauti inapita mfupani, daktari akaeleza, inayaruka masikio mabovu. Ili kidude kishike daima, mfupani hupigwa skrubu.

"Kuna njia mbili, mama. Ya kwanza, nanyoa hapa upana wa kiganja, nakata ngozi, napunguza nyama, nauona mfupa ndipo natoboa. Kidonda kinachelewa kupona, ngozi inaweza kufa ganzi, na nywele hapo huenda zisiote tena. Ya pili, tundu dogo kama kifungo cha shati. Haraka, bila mshono, nywele zako zinabaki. Ila mfupa siuoni vizuri, na keekee ya kutobolea ikikosa maji ya kuipoza, mfupa unaungua, skrubu inang'oka."

"Wewe ungechagua ipi?"

"Kwako wewe, ya kwanza. Ngozi yako nene."

"Basi nifanyie ya pili."

"Kwa nini, mama?"

"Mume wangu hajafa."

Daktari akamtazama nesi, nesi akazitazama karanga zake. Prudencia akatobolewa tundu dogo.

Mfupa ulipoishika skrubu, akavishwa kidude, akaenda moja kwa moja ufukweni. Lo! Alisikia injini za boti kule Pasiansi, akasikia kuku wakigombana ng'ambo, akasikia hata dagaa wakikauka mchangani. Akangoja aitwe. Hakuitwa. Akakivua kidude: "Prude! Prude we!" Akakivaa: maji tu. Akavua, akavaa, akavua, kisha akakaa chini. Sauti ilikuwa ya kichwani.

Akarudi nyumbani. "Wifi, lete wembe."

Teodora akauleta. Alimkalisha uani, akaanza upande usio na skrubu. Wembe ulinguruma mfupani kama lori linalomwaga mawe. Nywele zikamwangukia mapajani, na machozi aliyounyima mgomba yakazifuata. Nusu ya kichwa ikawa tayari.

"Prude! Prude we!"

Kidude kilikuwa mahali pake. Na wembe ulikuwa umesimama.

"Wifi," Prudencia akanong'ona, "kwa nini umeacha?"

Teodora akamshika bega. "Usiitike. Nakusihi kwa Bikira Maria, usiitike."

Prudencia akainuka, nusu mjane nusu mke, akaligeukia ziwa.

"Abee!"

Makorongo wote wa Igogo wakaruka kwa mpigo. Ziwa likanyamaza, na limenyamaza mpaka leo. Ila ukipita pale utamkuta anageuza dagaa, kichwa upande mmoja nywele, upande mwingine kipara. Nywele zikiota, Teodora huja kuunyoa upande uleule. Huo wa pili, wenye skrubu, hakuna anayethubutu kuugusa.