Mkono wa Gebhard

Wifi yangu Notburga ana chumba chake cha ghorofani, chenye roshani inayotazama mlima, na tangu aolewe na kaka yangu hakuwahi kulala humo wakati wa theluji. Ndivyo tulivyo huku bondeni Tiroli. Theluji ikianza kushika, mwenye nyumba anakunja shuka zake, anashuka chini, na kitanda chake kinalaliwa na mgeni aliyekuja kuteleza kwa mbao kwenye theluji. Kiangazi wakija wapanda milima, anashuka tena. Majira ya mvua na matope, ambayo hakuna mgeni anayeyataka, ndipo anapanda kulala kwake.

Huko chini ni ghala la chini ya ardhi, ukuta mmoja na chumba cha kukaushia mabuti. Harufu ya soksi za wageni naijua kuliko uvumba wa kanisani. Kaka yangu Serafin alifia humo, katikati ya majira ya baridi, nyumba imejaa pomoni. Alitaka kuuona mlima. Notburga alipanda kwenda kuwaomba Bwana na Bi Lüdtke, Wajerumani wanaochukua chumba cha roshani kila mwaka, wampishe mgonjwa hata kwa siku moja. Alifika mlangoni, akarudi bila kugonga, maana walikuwa wamekwisha kulipia. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Baridi iliyopita yeye naye alianza kukohoa. Daktari akamwambia aondoke kwenye unyevu.

“Wifi, mimi sitafia kwenye mabuti,” aliniambia.

“Basi waambie.”

“Nitawaambia Jumamosi, wakiaga.”

Nilimwelewa. Huku kwetu chumba hakiandikwi popote. Mgeni anasimama kizingitini, mizigo iko garini, anauliza, “Mwakani kama kawaida?” Mwenye nyumba akimpa mkono na wakanywa gilasi moja ya pombe kali ya tunda la pea, imekwisha. Mkono ukishatolewa haurudishwi. Kuna mtu wa kijiji cha juu aliahirisha harusi ya bintiye kwa sababu vyumba vyote alikwisha kuvitolea mkono. Kwa hiyo Notburga alichotakiwa kufanya ni kuuzuia mkono wake tu.

Ijumaa theluji ikaporomoka, ikaifukia barabara. Hakuna kutoka wala kuingia. Wageni wakafurahi kama watoto waliofungiwa dukani. Bwana Lüdtke alicheza karata sebuleni huku akisema, “Laiti tungekwama hapa maisha!” Notburga alikuwa jikoni anakanda matonge ya mkate, na neno lake la Jumamosi bado hajalisema. Hakuwa hata na pa kulilia. Chini kwake watu wanapita kufuata mabuti bila hodi.

“Hao wamekwama siku chache, wanapiga picha,” aliniambia. “Mimi nani amenipiga picha?”

Nilichukua unga nikamsaidia kukanda.

Barabara ilipofunguliwa nilikuwepo. Mwanawe Gebhard pia alikuwepo, ametoka kuendesha mtambo wa kusawazisha theluji mlimani. Gebhard ni kapera, na nyumba itakuwa yake siku moja. Chumba chake cha darini, chenye jiko lake, hakijawahi kupewa mgeni, eti kijana anahitaji usingizi. Kijana mwenyewe ana upara.

“Haya, Mama mwenye nyumba,” Bwana Lüdtke akasema, mkono mbele. “Mwakani kama kawaida?”

Notburga akaficha mikono chini ya aproni. “Hapana, Bwana Lüdtke. Mwakani chumba kile nalala mimi.”

Bi Lüdtke akacheka, akidhani ni mzaha. Alipomtazama usoni akanyamaza.

“Mama, acha utani bwana!” Gebhard akaruka, akaudaka mkono wa mgeni, akautikisa kwa nguvu. “Mzee, usimsikilize, amechoka tu. Mwakani mpo!” Akamimina pombe, wakanywa.

Nilitamani kumzaba kibao. Notburga alingoja gilasi ziwekwe chini.

“Umeshampa mkono?”

“Nimeshampa.”

“Vizuri, mwanangu. Mkono ni wako, basi na chumba kitakuwa chako. Mwakani watalala kwako darini.”

“Kwangu? Na mimi nilale wapi?”

“Kwani hupajui?”

Gebhard akanigeukia. “Shangazi, unamsikia huyu?”

“Namsikia,” nikasema. “Na mkono nimeuona.”

Bwana Lüdtke aliuliza kwa adabu kama darini mlima unaonekana. Nikamwambia unaonekana wote.

Gebhard alinuna kiangazi kizima, lakini kuurudisha mkono hakuthubutu; bondeni asingepata hata wa kumsalimia. Theluji ilipoanguka akashusha godoro lake.

Wiki iliyopita nilimkuta ameketi ngazini na blanketi mabegani, macho mekundu. “Shangazi, kule hakulaliki. Mwambie Mama tupokezane, hata wiki moja.”

Nikapanda. Notburga alikuwa kitandani, mapazia wazi, mlima umejaa dirishani. Nikamweleza yote, nikamwuliza kama hamwonei huruma.

Macho yakamlengalenga.

“Namwonea, Wifi. Nimemzaa mimi, kila akijigeuza kule chini nahisi ni mbavu zangu.” Akavuta blanketi mpaka kidevuni. “Lakini sishuki.”