Sahani ya Pembeni

Niliandika "mmoja". Kosa lilianzia hapo, na sitaki kuisukumia simu.

Muuguzi wa hapa Kasongo alimpima mama, akamkuta na ugonjwa wa sukari. Akaniwekea kwenye simu programu ya kuchagua chakula: unaiambia mgonjwa ana nini na sokoni kuna nini, nayo inakwambia leo apikiwe hiki, apunguze kile. Ikaniuliza watu wangapi wanakula. Nyumbani tulikuwa sita, lakini nikawaza, mgonjwa si ni mmoja?

Ikanipa chakula cha mtu mmoja. Maharagwe, sombe, yaani kisamvu, ya mawese kidogo, na bukari, ugali wetu, kama ngumi ya mtoto. Niseme haki yake: ilisaidia. Baada ya majuma machache kiu ya mama ilipungua, na miguu yake haikuwaka moto tena.

Lakini kwetu wanawake wanakula sinia moja: mama, mke wangu na binti zetu watatu. Ili nipime vizuri, nikamtengea mama sahani, akawa anakaa pembeni. Jirani alipita, akamtania, "Ee mama, wamekufukuza ku sinia? Uliiba nyama?" Mama akacheka. Nikadhani ameyachukua kama mchezo.

Siku moja akaniita. "Papa," maana nina jina la baba yake, "sahani ya peke yake ni ya mulozi, muchawi, ao ya mutu wa kifua kikuu. Mimi iko wa gani?"

"Ni sukari tu, mama. Simu inasema..."

"Simu ilikula na mimi siku gani?"

Juma lile mama akapanda pikipiki kwenda Wamaza, kwa mdogo wake. Huko wanakula pamoja na hakuna anayepima. Nasikia anacheka sana. Nasikia pia kiu imerudi.

Mke wangu ndiye aliyeuliza, bila hasira, "Kwa nini hukuandika sita? Sote tungekula kile kile." Nikajaribu. Ikatoa chungu kimoja cha watu sita, mawese kidogo kwa wote. Labda mama angekataa hata hicho. Sijui. Sikumpa nafasi ya kukataa.

Tunapika hivyo sasa. Nilimtumia mama habari kwamba sinia ni moja. Akajibu, "Kuleni, papa. Mimi nimeshiba."

Mke wangu anasema niandike watano, maana ndio tuliopo, na chakula kinabaki. Ana haki. Bado naandika sita.