Milio Sita

Fundi wa jirani akitia mafuta cherehani yake, mimi huhama kibaraza. Siiwezi ile harufu.

Nyumbani Kibiti mama alikuwa akishona nguo na kutengeneza cherehani za wenzake. Ndiyo maana baba, siku alipoletewa bastola kuukuu ainunue na bwana nyama mstaafu wa Mloka, mlinzi wa wanyamapori wa zamani, alimwekea mama mapajani. Baba alikuwa akipeleka bidhaa za duka lake Mbuchi, na siku hizo wafanyabiashara walikuwa wakivamiwa njiani.

"Mama watoto, hebu ikague."

Mama alihakikisha haina risasi. Akatia tone la mafuta, akatega sikio, akavuta kinyundo taratibu. Gurudumu la risasi likazunguka kidogo, likashika: ta! Akarudia. Mimi nilikuwa miguuni pake nashona vifungo, nikahesabu milio sita, yote sawasawa, gurudumu halikucheza hata mara moja. Akachungulia mtutu kwa mwanga wa mlangoni. Hata mimi niliona ndani unang'aa.

"Mbovu," akasema. "Gurudumu linacheza. Itakulipukia mkononi."

"Lakini shemeji..." yule mzee alianza.

Mama hakumtazama. Alinitazama mimi. Nikainamia vifungo vyangu.

Baba akairudisha.

Mwaka uliofuata walikuja watu na machela kutoka Mbuchi, na juu yake baba, amekatwa mapanga, vidole viwili havipo. Mama alimsafisha kwa mikono iliyokuwa bado inanuka mafuta.

"Afadhali sikuinunua ile mbovu," baba alisema. "Ingeniua."

"Ndiyo, baba watoto."

Safari hii hakunitazama.