Nilivyosamehewa kwa Ajili ya Mchicha

Miaka ile ya foleni, sukari ikigawiwa kwa balozi wa nyumba kumi, niliamua kulima bustani bila kununua chochote. Mbegu za nyanya nilizikamua kwenye nyanya iliyooza, za mchicha nikazipukusa kwenye mchicha uliozeeka. Kopo la mafuta ya kula nililitoboa kwa msumari, likawa la kumwagilia. Mume wangu alifanya kazi Moshi mjini na kupanda huku mlimani Kirua Jumamosi tu, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuniambia nimerukwa na akili.

Kilichokosekana ni jua, maana kihamba chote, yaani shamba la ukoo tuliloishi, kilikuwa kivuli cha migomba na kahawa. Nikakata migomba mitatu. Mimi ni Mnyaturu wa Singida; kwetu mgomba ni pambo. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba yake ilitazamana na yangu, aliikuta migomba imelala, akaniuliza kama kwetu Singida watu hula jua. Nikamjibu. Sirudii hapa nilichomjibu. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu, nami nikaapa sitamwomba radhi ng'o. Nilimkosa vibaya, nisiseme uongo, kwa sababu ndiye mtu pekee niliyezoea kuzungumza naye mlimani kote. Lakini kiburi nacho ni zao, na changu kilistawi kuliko mchicha.

Mchicha wenyewe ukaanza kuliwa na kuku wake. Kila asubuhi walikuja, jogoo mbele, kama wajumbe wa mkutano. Nikateremka mjini kutafuta wavu wa kuzungushia. Mwenye duka, mzee wa Kihindi mpole sana, alifungua daftari akanionyesha neno lenyewe kwa kidole.

"Wavu iko kwenye kitabu, mama. Dukani haiko."

Nikarudi mikono mitupu. Mpakani mwa kihamba yaliota masale, yale majani marefu ambayo ukiyachomeka tu yanashika. Ua wa bure! Nikakata mzigo mzima. Kabla sijachomeka hata moja, jogoo akapita na jani la mwisho la mchicha mdomoni. Hasira zikanipanda. Nikaenda mbio kwa mama mkwe, sale mkononi, tayari kumpa vidonge vyake.

"Shikamoo, mama," nilianza, maana hata ugomvi una adabu yake. "Nimekuja kwa sababu ya—"

Hakuningoja nimalize. Alilitazama lile sale, akalipokea kwa mikono miwili, akaketi.

"Yameisha, mwanangu. Nimekusamehe."

"Umenisamehe nini?"

"Sale halikataliwi. Hata aliyeua mtu, akija nalo anasamehewa. Sembuse migomba."

Ndipo nilipojua kwamba kwa Wachagga jani lile ndilo ombi la msamaha. Nilikasirika mara mbili: kwa mchicha, na kwa kusamehewa bila idhini yangu. Nikasema sikuja kuomba radhi, nimekuja kwa ajili ya kuku, awafungie! Akanisogezea bakuli la kiburu, ndizi na maharage, la moto. Nikala huku nimenuna.

"Kuku wangu hufungiwa mwaka mzima," alisema. "Mwezi huu tu ndio nawafungulia."

"Kwa nini sasa, mama?"

"Nifanyeje? Mkubwa hapeleki sale kwa mdogo. Nikasema, wakimaliza mboga zake atakuja, hata kama ni kunitukana." Akageuza uso, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Nilichoka kungoja. Ulipanda mwingi mno."