Kiganja Ndani ya Jiliwa

Tangu kiharusi kimpige mzee seremala, mkewe alikuwa amejifunza kumfunga vifungo vya shati bila kumtazama usoni. Mtaa mzima ulimwita mume huyo Fundi Randa, maana zamani randa mkononi mwake iliteleza juu ya mbao utadhani inapaka mafuta. Sasa mkono wa kulia ulining'inia ubavuni kama wa kuazima, hausikii moto wala baridi.

Asubuhi moja Fundi akasema, "Mama watoto, nimepata dawa. Jiliwa."

"Jiliwa la nini? Si mbao unaibana kwa goti siku zote?"

"Kwa goti na kwa mkono. Huo mkono uko wapi? Nikifunga jiliwa kwenye meza, libane mbao lenyewe, mimi nirande kwa kushoto."

Mkewe akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Miezi saba hajamsikia akiitaja kazi.

Kwa muuza vyuma chakavu walikuta majiliwa mawili. Moja la buluu, jipya. Jingine la zamani, zito, parafujo yake imejaa grisi.

"Chukua la buluu, mzee wangu. Linang'aa kama bwana harusi!"

"Bwana harusi hajui kazi, kijana. Niletee huyo babu yake."

Wakacheka wote watatu. Mkewe akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe.

Fundi alikuwa na njia yake ya kuchagua jiliwa, na katika karakana za ujana wake hakuna aliyethubutu kununua kabla yeye hajalipima. Huingiza kiganja cha kushoto kati ya taya za jiliwa, akakaza polepole kwa mkono wa kulia. Taya zikigusa juu kabla ya chini, ngozi humwambia. Jiliwa la hivyo litaiachia mbao katikati ya kazi.

Leo wa kukaza ulikuwa mkono wa kushoto, hakuna mwingine. Basi akaunyanyua ule wa kulia, akaulaza kati ya taya taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akakaza.

"Linabana sawa?" mkewe akauliza.

"Bado sijasikia." Akazungusha tena. "Bado." Akazungusha tena.

"Mzee! Damu, mzee!" Muuzaji alikirukia kishikio, akafungua.

Ngozi ya vifundo vya vidole ilikuwa imechunika. Fundi aliutazama mkono wake, uso mkavu, bila hata kukunja kipaji cha uso. "Nilikuwa nangoja uniambie," akauambia.

Mkewe akavua kitambaa cha kichwani, akaufunga ule mkono. Kisha akakiweka kiganja chake mwenyewe kati ya taya. "Kaza hapa, baba. Nitakwambia mimi."

"Utaniambia linauma, mke wangu. Kubana sawa hutajua."

"Nikuwekee mpaka kesho, mzee?" muuzaji akauliza kwa upole.

"Muuzie mwenye mikono."

 Nyumbani mkewe alipokuwa akimvua shati, Fundi akamuuliza, "Hivi, huo mkono unatoka damu bado?" kana kwamba anauliza hali ya mgonjwa wa jirani.

Mkewe akapiga magoti kusali. Lile ombi la kurudishiwa mkono, alilolisema kila siku miezi saba, leo hakulisema. Akaomba tu kidonda kikauke.