Tarehe ya Kuanza Kazi

Barua ilikuwa imeshachapwa, bado dole gumba tu. Mshirika wangu aliiweka mezani pamoja na kikopo cha wino mwekundu, akaniambia nimpelekee mfungaji wangu wa marobota aweke alama kabla ya mwaka kwisha. Ilikuwa Desemba 2007, wiki chache kabla sheria mpya ya mikataba ya kazi haijaanza kutumika China nzima, na jengo letu pale Guangyuan Xilu, lililojaa maduka ya nguo chini na ofisi za mizigo juu, halikuwa na habari nyingine.

"Inasemaje?" nikamuuliza.

"Inasema anaacha kazi kwa hiari yake. Anakaa nyumbani wiki moja, halafu anarudi, tunamwandika upya."

"Ataachaje kazi na hana mpango wa kuacha?"

Akatabasamu lile tabasamu lake la kunifundisha. Sheria mpya, alisema, inampa nguvu mfanyakazi mwenye miaka mingi. Kumwondoa kunakuwa kugumu, na ukimwondoa unamlipa kwa kila mwaka aliokutumikia. Aliyeanza upya hana miaka. Mabosi wote wa jengo walikuwa wanafanya hivyo, na mimi ndiye niliyebaki nyuma.

Nieleze nilikuwa nani pale. Mimi ni mwanamke wa Temeke niliyekwenda Guangzhou kununua jinzi na mashati ya watoto, nikaishia kuwafungia na kuwasafirishia wenzangu mizigo. Mgeni kujifungulia ofisi ilikuwa shughuli, kwa hiyo leseni iliandikwa kwa jina la mshirika wangu, Mchina wa hapo hapo aliyejua Kiingereza. Muhuri wa kampuni, ule mduara mwekundu ambao bila huo hakuna karatasi inayokwenda popote, ulikaa kwenye droo yake. Wateja walikuwa wangu, kodi ya pango ilikuwa yangu, muhuri wake.

Na sheria pia zilikuwa zake. Kila mwaka kulikuwa na jipya: mara kima cha chini cha mshahara kimepanda, mara bima, mara kibali cha kuishi cha wafanyakazi waliotoka mikoani. Kichina changu cha sokoni kilikuwa kimekomaa, ningeweza kugombania bei ya soksi mpaka mwenye duka aombe maji. Kusoma ndiyo bure kabisa. Basi yeye ndiye aliyenisomea, nami nikatii. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kila sheria ikipita mdomoni mwake inatoka imeelemea upande wake. Niliingizwa mjini na mtu niliyekuwa namnunulia chai.

Mfungaji wangu alikuwa mama wa Hunan, mwembamba, mwenye viganja kama vya seremala. Alikuja mwaka ule mji mzima ulipovaa barakoa kwa ule ugonjwa wa mapafu. Wateja walikuwa wamekimbia, wafungaji wangu wawili wamerudi kwao bila kuaga, nimebaki peke yangu na lundo la nguo. Akasimama mlangoni akauliza kama kuna kazi. Robota la kwanza alilofunga lilikuwa la kwangu mwenyewe, na tarehe niliiandika ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, kwa hiyo siku ile naijua. Mimi nilimwita dajie, yaani dada mkubwa, maana amenizidi umri. Yeye aliniita laoban, bosi, na wakati mwingine alilitamka hilo neno kwa kejeli kidogo.

Basi nikaichukua ile barua, nikampelekea. Hilo silifichi. Nilikuwa na makontena mawili ya kufungwa kabla ya sikukuu yao ya mwaka mpya, kichwa kimejaa, na niliyezoea kumtii ameniambia ni jambo la wiki moja tu. Dajie alikuwa ameinama anashona robota kwa sindano ndefu. Akajifuta mikono, akaisoma taratibu, akanirudishia. Kikopo cha wino hakukigusa.

"Miaka minne na zaidi," akasema. "Inakwenda wapi?"

Akafungua mfuko wa aproni, akatoa kijitabu kilichokuwa kikigawiwa bure mtaa wa Zhanqian Lu. Ilikuwa sheria yenyewe. Alikuwa ameipigia mistari kwa kalamu ile ile ninayoandikia marobota. Mimi niliyedhani nalindwa na mtu wa sheria, kumbe mfungaji wangu kaisoma yote akiwa kwenye chakula cha mchana. Akanionyesha kifungu kimoja baada ya kingine, akinieleza kwa maneno tuliyokuwa nayo wote wawili, ambayo ni ya sokoni: hii ipo, hii haipo, hii haiwezekani. Mkataba wa maandishi ndani ya mwezi mmoja: upo. Kumwambia mtu aandike anaacha wakati haachi: alitikisa kichwa.

"Laoban, sitaki hela yako," akasema. "Nataka iandikwe kwamba nilikuwepo."

Maneno hayo niliyajua, na nitasema kwa nini. Mama yangu alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha nguo Dar es Salaam. Kila ikikaribia miezi mitatu walimtoa getini wiki moja, kisha wakamrudisha kwenye mashine ile ile, stuli ile ile, ili asije akahesabika kuwa mwajiriwa wa kudumu. Wiki hiyo mama hakutoka nje asubuhi. Hakutaka majirani wamwone. Alikaa chumbani akifua ovaroli yake ambayo ilikuwa safi, akaianika ndani. Alifanya hivyo miaka kumi na minne. Kiwanda kilipofungwa, wenzake waliodumu walipewa viinua mgongo, yeye akapewa karatasi iliyosema ametumikia wiki saba. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kusoma, na mimi ndiye niliyemsomea.

Na sasa mimi, mtoto wa huyo mama, nimesimama na kikopo cha wino mkononi namtoa mtu getini wiki moja. Nilijiona mshenzi. Kisha zikanipanda hasira, na hasira zangu mimi zina miguu.

Nilipita kwanza kwa jirani yangu, Mkongo wa Lubumbashi aliyekuwa na ofisi mlango wa pili, kumuuliza kama na yeye kawasainisha wake. Alikuwa kawasainisha wote wawili. "Maman, unajichokesha bure," akaniambia. "Ile sheria ni ya benye inchi. Weye uko mugeni." Nikamwambia mgeni ni mgeni wa nchi, si mgeni wa haki, akacheka akaendelea kuhesabu katoni zake. Sikumlaumu. Na yeye alikuwa anasomewa.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa mshirika na dajie pamoja, na fomu ya mkataba tuliyoichukua ofisi ya kazi ya wilaya. Nikairudisha ile barua mezani kwake imekunjwa mara nne.

"Huyu haachi kazi," nikasema. "Piga muhuri kwenye huu."

Alinipiga danadana nusu saa nzima. Kwanza eti fomu si yenyewe. Halafu eti muhuri upo kwa mhasibu, na nilikuwa nauona pale kwenye droo iliyo wazi. Mwisho akasema sawa, mkataba upo, lakini uanze Januari. "Tena huyu kila sikukuu ya mwaka mpya anakwenda kwao wiki tatu," akasema. "Kila akirudi anakuwa ameanza upya. Hana miaka minne. Hana hata mmoja."

Dajie alitaka kusema, nikamshika mkono.

"Leseni ina jina la nani?" nikamuuliza mshirika.

Akaifunga ile droo.

"Nauliza tu, maana mimi sijui kusoma. Huyu akienda kushtaki, anaitwa nani? Ataitwa mwanamke wa Temeke asiye na jina kwenye karatasi hata moja, au utaitwa wewe?"

Miaka yote lile jina lake kwenye leseni lilikuwa kamba yake ya kunivutia. Siku ile ndiyo mara ya kwanza aliiona imezunguka shingo yake mwenyewe. Akasema anaweza kuvunja ushirika kesho. Nikamwambia vunja leo, makontena mawili yako chini na wateja wananijua mimi. Nilikuwa naogopa, nisidanganye. Akivunja, sina ofisi, sina viza, na ada za wanangu Dar zinatoka pale pale. Lakini mimi si wa kuburuzwa mara mbili kwa ujanja ule ule, mara moja mama na mara moja mimi.

Kwenye fomu kulikuwa na nafasi tupu, tarehe ya kuanza kazi. Kuandika Kichina sijui, ila tarehe najua, kwa kuwa nimeziandika kwenye maelfu ya marobota. Nikachukua kalamu nikaandika mwenyewe, mwaka, mwezi, siku, ile ya robota la kwanza. Dajie akaitazama, akaitikia kwa kichwa. Mshirika akatoa muhuri, akaupiga juu ya tarehe kwa nguvu mpaka meza ikalia. Dajie akaweka sahihi yake yenye jina zima, wino wa dole gumba akaupuuza.

Ushirika haukuvunjika, ila chai haikunyweka tena. Mwaka uliofuata walikaza viza kabla ya ile michezo mikubwa ya dunia, yangu haikuongezwa, nikaifunga ofisi. Mgeni nilipewa siku chache nifungashe. Ilipofika kumlipa dajie kwa kuachishwa, mshirika alijaribu tena kuhesabu kuanzia Januari, dajie akamfunulia karatasi. Dajie aliambatana nami mpaka uwanja wa ndege, akanionyesha risiti ya malipo yake kabla hajasema chochote, akinielekeza kwa kidole mstari wa miaka.

Nilirudi Temeke na mabegi mawili. Usiku wa kwanza mama akaniuliza habari za huko, nikamweleza habari za mfungaji wangu wa marobota tangu mwanzo. Alisikiliza mikono imelala mapajani, ile mikono ya mashine.

"Wakamhesabia yote?"

"Yote, mama."

"Na zile wiki alizokwenda kwao?"

"Na zile wiki."